Kipaji na Dakika za Mwisho: Kuanguka kwa Timu Bora za Mpira wa Kikapu katika Michezo ya Kukaribiana, Kukitazamwa kutoka Ngara na Biharamulo

Katika viwanja vya shule vya wilaya za Ngara na Biharamulo, kama ilivyo katika viwanja vingi vya Tanzania, timu yenye vijana hodari inapopoteza mchezo uliokuwa tayari mkononi hutolewa hukumu ya haraka: vijana hawakuwa na moyo. Wengine husema walilewa sifa, na wapo wanaonong'ona kuhusu mkono wa mtu. Hukumu hizi hazibaki kuwa maneno ya watazamaji tu. Mashindano ya UMISSETA hupanda ngazi kutoka shule hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na kutoka mkoa hadi taifa, na katika kila ngazi kuna watu wanaochagua nani aendelee na nani arudi nyumbani. Kijana aliyekosa mtupo katika sekunde za mwisho hukumbukwa kwa mtupo huo, na pengine jina lake huachwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo, swali la kwa nini timu zenye vipaji huanguka mwishoni lina uzito kwa wilaya zilizo pembezoni mwa nchi, ambako nafasi ya kuonekana ni chache na mara nyingi haijirudii.

Makala haya yanadai kwamba kuanguka huko hakuelezeki vizuri kwa kigezo cha moyo. Kipaji chenyewe ni sehemu ya chanzo. Timu iliyojaa vipaji hushinda michezo yake mingi kwa tofauti kubwa. Ushindi huo huficha mapungufu madogo ambayo hayana madhara pale timu inapoongoza kwa pointi 20, na pia huinyima timu nafasi ya kuishi katika mchezo wa kukaribiana mara nyingi kiasi cha kuuzoea. Siku mchezo unapobana, mapungufu hayo yote hudai malipo kwa pamoja.

Kwa kuwa michezo ya shule za Kagera haijaandikwa kwa undani, ni vyema kuanza na tukio lililoandikwa dakika kwa dakika, ambalo Mtanzania mmoja alikuwa katikati yake. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987, na alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Huo ni umri wa kuchelewa kwa kipimo cha Marekani, ambako mtoto wa umri huo huwa amekwisha kucheza mamia ya michezo. Ikumbukwe pia kwamba ujana wake ulikwenda sambamba na kipindi ambacho Serikali ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA kwa miaka kadhaa, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2000, kabla ya kuyarejesha. Kizazi kizima cha wanafunzi, wa Ilala sawa na wa Rulenge, kilipita sekondari bila ngazi ile ya mashindano. Thabeet, mwenye urefu wa sentimeta 221, alipata njia nyingine: alimalizia masomo ya sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alikuwa mlinzi wa kikapu aliyeogopwa kuliko wote katika ligi ya Big East, akatajwa mlinzi bora wa ligi hiyo mwaka 2008 na tena 2009.

Timu ya Connecticut ya msimu wa 2008/2009 ilikuwa miongoni mwa timu bora kabisa za vyuo vya Marekani, na kwa sehemu ya msimu huo iliongoza orodha ya taifa. Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, ilikutana na Syracuse katika robo fainali ya mashindano ya Big East. Mchezo wa vyuo wa wanaume una vipindi viwili vya dakika 20. Timu zikifungana, huongezwa dakika 5, na kama bado hazijatengana, dakika 5 nyingine. Dakika 40 zilipokwisha, timu zilikuwa sare kwa pointi 71. Kemba Walker wa Connecticut ndiye aliyesawazisha, ikiwa imebaki takriban sekunde moja. Eric Devendorf wa Syracuse akadaka pasi ndefu na kutupia mpira kikapuni kutoka mbali, ukaingia, lakini waamuzi walipotazama picha waliona kuwa muda ulikuwa umekwisha kabla mpira haujatoka mikononi mwake. Kilichofuata ni vipindi sita vya nyongeza. Mchezo ulimalizika baada ya saa sita za usiku, Syracuse ikishinda kwa 127 dhidi ya 117. Dakika zilizochezwa zilikuwa 70.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni hili: katika vipindi vitano vya kwanza vya nyongeza, Syracuse haikuongoza hata mara moja. Connecticut ndiyo iliyokuwa mbele, tena na tena, na mara tano ikashindwa kufunga mlango. Kama tatizo lingekuwa woga, ingetarajiwa timu ivunjike mapema, katika kipindi cha kwanza au cha pili. Badala yake timu hiyo ilirudi na kuongoza tena kila mara. Iliyokosekana ilikuwa pointi moja au mbili za ziada katika kila kipindi, na pointi hizo hupatikana katika mambo ambayo mtazamaji hayaoni kuwa ni kipaji: kudaka mpira unaorudi kutoka kwenye ubao baada ya mpinzani kukosa, kumzuia mtupaji wa mbali bila kumgusa, na kutumia vyema mtupo huru.

Kuna pia suala la faulo, ambalo katika usiku ule lilikuwa na uzito wa pekee. Mchezaji akifikisha faulo tano hutolewa nje na harudi, na hesabu hiyo haifutwi dakika za nyongeza zinapoanza. Faulo tano zilizokusudiwa kumtosha mchezaji kwa dakika 40 zililazimika kutosha kwa dakika 70. Wachezaji wanane walitolewa kwa njia hiyo, na Thabeet alikuwa miongoni mwao. Timu inayojengwa kuzunguka mtu mmoja mrefu hunufaika naye hadi anapoondoka. Akiondoka, haipotezi mchezaji mmoja tu, bali inapoteza mpangilio wake wote wa ulinzi, kwa sababu wenzake wamezoea kuacha njia wazi wakijua kwamba nyuma yao kuna mnara. Kosa la mlinzi wa pembeni, ambalo Thabeet alilifuta mara nyingi msimu mzima kwa kuupiga mpira hewani, likawa kosa lenye gharama kamili. Msimu mzima kosa hilo halikurekebishwa kwa sababu halikuonekana.

Connecticut haikuwa timu dhaifu wala timu ya wapuuzi. Majuma matatu baadaye ilifika nusu fainali ya taifa huko Detroit, ikafungwa na Michigan State kwa 82 dhidi ya 73, na mwezi Juni Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Aliyemchagua ni klabu ya Memphis. Na kwa sadfa, mji huohuo wa Memphis una kisa kingine kinachofafanua hoja hii vizuri zaidi.

Chuo Kikuu cha Memphis kilifika fainali ya taifa tarehe 7 Aprili 2008 kikiwa kimepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima. Kilikuwa na Derrick Rose, ambaye miezi michache baadaye alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa NBA. Dhidi ya Kansas, timu hiyo iliongoza kwa pointi 9 ikiwa imebaki dakika 2 na sekunde 12. Kansas ikaanza kufanya faulo kwa makusudi ili kusimamisha saa na kuwapeleka wapinzani kwenye mstari wa mitupo huru, na wachezaji wa Memphis wakakosa mitupo minne kati ya mitano ya mwisho kabla ya kipenga. Mario Chalmers wa Kansas akafunga kwa mtupo wa pointi tatu, ikiwa imebaki takriban sekunde mbili, akasawazisha. Katika nyongeza Kansas ikashinda kwa 75 dhidi ya 68. Simulizi iliyoenea baadaye ni ya vijana waliotetemeka. Hata hivyo, Memphis ilikuwa ikipata takriban mitupo 61 tu kati ya kila 100 kwa msimu mzima, katika michezo iliyoshinda kwa urahisi. Wastani wa vyuo vya Marekani, ambao haujabadilika sana tangu katikati ya miaka ya 1960, ni kama 69.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha maana ya tofauti hiyo. Mchezaji anayepata mitupo 70 kati ya 100 ana uwezekano wa 49 kati ya 100 wa kupata miwili mfululizo. Anayepata 61, uwezekano wake ni takriban 37. Yaani, hata mtupaji wa wastani, akiwa mtulivu kabisa, hushindwa kupata yote mawili katika zaidi ya nusu ya safari zake kwenye mstari. Mtazamaji anayemwona akikosa mmoja kati ya miwili katika dakika ya mwisho husema ameogopa. Hesabu inasema amefanya kile alichokuwa akikifanya tangu mwanzo wa msimu, ila sasa kuna mtu anayehesabu.

Hii haina maana kwamba shinikizo si kitu. Mwanasaikolojia Roy Baumeister alionyesha mwaka 1984 kwamba mtu anayeelekeza fikra zake kwenye mwendo wa mwili ambao umekwisha kuzoea huuharibu mwendo huo. Mama anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani bila kuishika hamwagi tone. Mwambie atazame anavyokanyaga, na maji yatamchuruzika shingoni. Lakini maelezo haya nayo yanarudi kwenye mazoea. Fikra huingilia mwendo pale hali inapokuwa ngeni, na kwa timu inayoshinda kwa pointi 20 kila wiki, dakika ya mwisho yenye tofauti ya pointi moja ni hali ngeni kuliko zote.

Hapa mwanahistoria ana onyo la kuzingatia. Mchezo uliopotea kwa pointi moja husimuliwa kana kwamba uliamuliwa katika dakika mbili za mwisho, ilhali kikapu kilichokoswa katika dakika ya tatu kina thamani ileile. Tena, muda unapofupishwa, bahati hupata nafasi kubwa. Katika dakika 40 kila timu hupata mpira mara zaidi ya 60, na ubora hujitokeza kwa wingi huo. Katika nyongeza ya dakika 5 kila timu hupata mpira mara nane au tisa tu, na mpira mmoja uliogonga chuma ukarudi nje unaweza kuamua kila kitu. Syracuse yenyewe ni ushahidi. Usiku uliofuata iliishinda West Virginia, tena baada ya nyongeza, kisha ikapoteza fainali mbele ya Louisville. Moyo uliosifiwa Alhamisi haukutoweka Jumamosi. Miguu ndiyo iliyokuwa imechoka. Jonny Flynn, mpanga mashambulizi wa Syracuse, alikuwa amecheza dakika 67 kati ya zile 70.

Karibu zaidi na nyumbani, mifano haikosekani. Kutoka mji wa Ngara, Kigali ni karibu kuliko Bukoba, na msafiri anayevuka daraja la Rusumo hufika baada ya saa chache katika mji ambao tangu 2019 una ukumbi wa michezo wenye viti takriban 10,000, na ambako Ligi ya Kikapu ya Afrika ilizinduliwa Mei 2021. Mwaka uliofuata, klabu ya REG ya Rwanda iliongoza kundi lake lililochezwa Dakar, ikarudi Kigali mbele ya mashabiki wake, na ikatolewa katika robo fainali na FAP ya Kamerun kwa 66 dhidi ya 63. Timu iliyopewa nafasi kubwa, uwanja wa nyumbani, tofauti ya pointi tatu.

Mfano wa upande wa pili ni Kenya. Februari 2021, mjini Yaoundé, timu ya taifa ya wanaume ya Kenya ilikutana na Angola, wakati huo bingwa wa Afrika mara 11, katika mechi za kufuzu AfroBasket. Tylor Ongwae alitupa mpira wa mwisho muda ukikatika, ukaingia, na Kenya ikashinda kwa 74 dhidi ya 73, ikielekea kurudi katika mashindano ambayo haikuwa imeshiriki tangu 1993. Hapa aliyeanguka mwishoni ni mwenye historia na vipaji vingi. Ongwae naye hakuwa kijana aliyepata ujasiri usiku ule: alikuwa amepitia mpira wa vyuo vya Marekani katika Chuo Kikuu cha Louisiana Monroe, kisha akacheza kulipwa Ulaya, akiwa Denmark wakati huo. Dakika ya mwisho yenye pointi moja haikuwa ngeni kwake.

Mazingira ya Ngara na Biharamulo yanapaswa kusomwa kwa mwanga huo. Wakati wa ukoloni wa Waingereza, eneo la Bugufi ambalo leo ni sehemu ya Ngara lilitawaliwa pamoja na Biharamulo. Mipaka ya utawala imeendelea kukatwa tangu hapo. Chato ilitengwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Sababu za kiutawala za mgawanyo huo hazihusu michezo hata kidogo, lakini kwa kuwa mashindano ya shule hufuata mipaka ya wilaya na mikoa, kila mkato huondoa wapinzani wa karibu. Shule ya Biharamulo na shule ya Chato, ambazo zingeweza kukutana katika ngazi ya wilaya, sasa ziko katika mikoa miwili, na mkutano wao wa mashindano unategemea ngazi za juu au urafiki wa walimu. Wilaya yenye wapinzani wachache huzalisha bingwa anayeshinda kwa wepesi, na bingwa wa aina hiyo ndiye hasa aliye katika hatari inayojadiliwa hapa.

Shule nyingi za sekondari za kata katika wilaya hizi zilijengwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, kwa nguvu kubwa ya wananchi. Madarasa yalikuja kwanza, na ilikuwa haki yawe ya kwanza. Kiwanja cha sakafu ngumu ni gharama ambayo kamati ya shule haiwezi kuitanguliza mbele ya madawati. Mpira wa kikapu ukichezwa kwenye udongo hutegemea msimu: fainali za UMISSETA kwa kawaida hufanyika Juni, hivyo maandalizi ya shule na wilaya huangukia masika, Machi hadi Mei, wakati udongo umelowa na mpira haudundi inavyostahili. Katika hali hiyo ni jambo la kawaida mwalimu kutegemea kile ambacho mvua haiwezi kukiharibu, yaani urefu. Mvulana mrefu husimamishwa chini ya kikapu na wenzake hufundishwa kumfikishia mpira. Mpango huu hushinda michezo. Ni mpango uleule wa mnara, na una udhaifu uleule wa faulo tano.

Jambo jingine ni timu za mkoa. Wachezaji waliochaguliwa kutoka Ngara, Biharamulo, Muleba, Karagwe na kwingineko hukutana kambini kwa siku chache kabla ya kusafiri. Kila mmoja alikuwa nyota kwao, na kila mmoja alizoea kuushika mpira mwishoni. Dakika mbili za mwisho za mchezo wa kukaribiana zinahitaji jambo ambalo kambi ya siku chache haiwezi kulitoa: kujua, bila kuulizana, nani atatupa na nani atabaki nyuma kulinda. Watu husema timu hiyo haikuwa na umoja, kana kwamba umoja ni tabia njema ambayo vijana waliikataa. Kwa kweli ni idadi ya saa walizocheza pamoja.

Mtupo huru, kati ya mambo yote yaliyotajwa, ndio usiojali urefu wala mpinzani. Mstari uko mita 4.60 kutoka kwenye ubao, ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, na hakuna anayeruhusiwa kumkaribia mtupaji. Mpira haudundishwi, hivyo hata udongo wa Aprili hauharibu mtupo. Msichana mfupi wa kidato cha pili anaweza kutupa mitupo 50 kila jioni akiwa peke yake na kuandika katika daftari ni mingapi imeingia. Ni ajabu kidogo kwamba zoezi lisilo na gharama ndilo linaloachwa kirahisi, lakini ajabu hiyo ni ya Memphis pia.

Karatasi rasmi ya mpira wa kikapu huandika kila faulo, jina la aliyeifanya, kipindi ilipotokea, na kila mtupo huru ulioingia. Pale ambapo karatasi za mashindano ya wilaya zimehifadhiwa katika kabati la ofisa michezo au la mwalimu, mchezo uliopotea kwa pointi moja unaweza kusomwa upya kuanzia robo ya kwanza: nani alikuwa na faulo tatu kabla ya mapumziko, na ni mitupo huru mingapi iliingia wakati timu ikiongoza kwa pointi 12 na watazamaji wakiimba.